Kutua Mzigo

Wajukuu zangu,

Ninawaandikia nikiwa chini ya mwembe wa uani, ule mliokuwa mkiukwea kila likizo mpaka bibi yenu akaanza kuyahesabu maembe. Miguu imegoma, lakini macho yapo na mkono bado unashika kalamu. Daktari ameniambia jambo ambalo mama zenu wamekubaliana wasiwaambie. Mimi sioni haja ya kuwaficha. Muda wangu ni mfupi, na nina deni la maneno kwenu.

Desemba mlipokuja niliwasikiliza usiku, mkidhani nimelala. Mkubwa alisema bosi wake wa Dar es Salaam huwafokea watu kwenye kikundi cha WhatsApp saa sita usiku na kutaka majibu hapo hapo. Wa Nairobi akasema ofisini kwao mtu akijiuzulu jina lake halitajwi tena, kama aliyekufa kifo cha aibu. Mkasimuliana majungu, mkasimuliana chawa wanaomsifia meneja hata anapokosea hesabu ya kuzidisha. Ndipo mdogo wenu, ambaye alikuwa na wiki tatu tu kazini, akauliza: "Kwani kazi si ndivyo ilivyo?"

Hakuna aliyemjibu. Mlinyamaza, mkazima taa. Mimi swali lile halijaniacha tangu usiku huo, na barua hii ni jibu lake.

Mnajua kwamba nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka njia ya zamani ya misafara. Msichokijua sana ni kwamba baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Kwa Wanyamwezi wa zama zile, kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa mtoto bado, hata kama ndevu zimemwota. Basi alikwenda, akarudi, akaenda tena, mpaka Wajerumani walipofikisha reli hapa Tabora mwaka 1912 na mabega ya watu yakapumzika. Mzigo ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32, na kutoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 800 kwa mguu. Babu yangu alisema baba yake alikuwa na sugu begani ngumu kama kwato, na kwamba wao watoto waliruhusiwa kuigusa siku za sikukuu.

Neno hili "kiongozi" mnaloandikiwa kwenye vyeo vyenu lina ndugu yake wa njiani: kirangozi. Kirangozi alikuwa mpagazi, mtu wa kundi lile lile, na mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomchagua. Alitangulia mbele na bendera. Alijua visima viko wapi, alijua ni mtemi gani anayedai hongo na kiasi gani (siku hizo hongo ilikuwa ushuru wa wazi wa kupita katika nchi ya mtu, haikuwa neno la kunong'ona). Na alikuwa na mzigo wake begani, mwepesi kuliko ya wengine, lakini mzigo. Mwiba wa kwanza wa njia uliingia mguuni mwake yeye.

Msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Lakini kulikuwa na siku za tirikeza, yaani mwendo wa alasiri, pale maji yalipokuwa mbali. Mashariki yetu, kati ya Ugogo na Unyanyembe, ilikuwapo nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Huko ilibidi kutirikeza, la sivyo watu wangekufa kwa kiu. Walinung'unika, ila kila mtu alijua kwa nini anatembezwa juani. Wewe mkubwa, huyo bosi wako wa saa sita usiku anakutirikeza ukiwa umekaa pembeni ya kisima. Ulituambia mwenyewe kwamba ripoti uliyoamshwa kuiandika haikusomwa mpaka siku ya nne. Mtu akitirikezwa kila siku bila sababu, siku ya Mgunda Mkali yenyewe ikifika atakuwa hana miguu. Na hata penye sababu miguu ina kikomo: Mwingereza John Hanning Speke aliipita nyika ile mwishoni mwa mwaka 1860, katika mvua na njaa, akielekea Kazeh, ambao ni mji wetu huu kwa jina la zamani. Wapagazi wake wengi walimtoroka kabla hajafika.

Sitawadanganya kwamba ile ilikuwa njia ya heshima tupu. Pembe za ndovu zilikwenda pwani pamoja na watu waliofungwa minyororo, na hapa Tabora binadamu waliuzwa. Ukiwatazama kwa mbali, mpagazi wa ujira na mtumwa walifanana. Wote wamebeba, wote wamechoka, wote wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Tofauti ilikuwa kwamba mpagazi aliweza kutua mzigo. Alipatana ujira wake kabla ya safari. Posho ikipunjwa, wapagazi waliamka asubuhi wakakaa kitako, mizigo chini, mpaka mwenye msafara atoke hemani kuzungumza nao. Mtumwa akikaa kitako alipigwa.

Mdogo wangu mpenzi, jibu lako liko hapo. Kazi ni mzigo, ndiyo, na mzigo huumiza bega. Lakini ukifika mahali ambapo huwezi kuutua hata kwa kitambo cha kusema "hapa tunakosea" au "hapa pananiumiza", basi hicho ulicho nacho si kazi tena, hata kama mshahara unaingia tarehe 25 bila kukosa.

Kuna kitu kingine njia ile ilitupa. Wazee wanasema utani wetu na Wazaramo na watu wengine wa njiani ulikomaa kwenye misafara. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumwambia mkubwa ukweli mbele za watu, tena kwa kicheko, na mkubwa hakuruhusiwa kununa. Nimekaa maofisini miaka mingi, na nimeona jinsi ofisi zilivyowafukuza watani zikabaki na chawa.

Nendeni Kwihara, hapa jirani, mkija tena, na safari hii msiende kupiga picha tu. Mnalijua lile tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872 akisubiri watu kutoka pwani. Wengi huishia hapo. Mimi nataka mfikirie kilichotokea mwaka uliofuata. Livingstone alikufa kwa chifu Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwezi Mei 1873. Watu wake, Susi na Chuma wakiongoza, hawakuwa na bosi tena. Mshahara wao ulikuwa mikononi mwa maiti. Wangeweza kutawanyika usiku ule ule. Wakaamua kuubeba mwili mpaka pwani. Mwezi Oktoba walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta ofisa wa Kiingereza, Cameron, ambaye aliwashauri wamzike hapa hapa maana njia ya mbele ni mbaya. Alikuwa mkubwa mwenye cheo, nao walikuwa wapagazi na watumishi. Walikataa. Februari 1874 mwili ulifika Bagamoyo.

Nimelifikiria jambo hili tangu utoto, nikalielewa uzeeni. Wale walikuwa watu walioweza kutua mzigo, na ndiyo maana siku walipoambiwa wautue, waliweza pia kusema hapana. Anayebeba kwa woga hutupa mzigo mara tu mjeledi unapogeuka upande wa pili. Viongozi wengi wa siku hizi hawalijui hilo. Wanataka watu wajitoe kwa moyo, na papo hapo wanawanyima nafasi ya kukataa.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika, na hata bibi yenu aliondoka duniani hajaisikia yote.

Nilianza kazi nikiwa fundi wa simu, wa kupanda nguzo na kufungua makabati ya mtaani yaliyojaa waya na nyigu. Zilikuwa siku njema. Fundi mkuu wetu alikuwa mkali, lakini mvua ikinyesha na laini imekatika, yeye ndiye aliyepanda. Miaka mingi baadaye niliingia kampuni moja ya teknolojia. Siitaji jina, kwa maana kosa ninalolieleza ni langu. Nikapanda ngazi mpaka nikawa mkuu wa mitambo.

Kulikuwa na binti mmoja, fundi wa seva, akiwa katika mwaka wake wa pili kazini. Jumatatu moja kwenye kikao alisema kwamba bakapu zetu zinaandikwa kila usiku, lakini yeye amejaribu kuzirejesha kwenye mashine ya majaribio na hazifunguki. Alisema kwa adabu, akiwa na karatasi yenye tarehe za majaribio matatu. Mkurugenzi alikuwepo. Nami wiki moja kabla nilikuwa nimemwandikia mkurugenzi kwamba data zote za wateja ziko salama.

Nilikuwa na njia rahisi ya kutoka pale. Ningesema, "Asante, tuangalie pamoja leo mchana." Badala yake nilimwuliza mbele ya watu wote: "Kwani wewe umekuja hapa lini?"

Watu walicheka. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni. Nikaendelea na ajenda iliyofuata.

Baada ya siku ile vikao vyangu vilikuwa vifupi na vitulivu. Ripoti zote zilikuja zikiwa na rangi ya kijani. Nilijisifu nyumbani kwamba nimeleta nidhamu kazini. Miezi mitano ikapita. Mwisho wa mwezi, siku ambayo malipo ni mengi kuliko siku zote, diski za seva kuu zikafa. Tukakimbilia bakapu, na bakapu hazikufunguka. Tulilala ofisini siku nne. Kuna wateja waliopoteza kumbukumbu za malipo yao ya wiki nzima, mama wa duka na mwenye malori kwa pamoja, na hatukuwa na cha kuwapa isipokuwa barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na mwanasheria.

Usiku wa pili niliuliza kwa hasira kwa nini hakuna aliyenikumbusha. Fundi mmoja mzee, aliyebakiza miezi michache astaafu, alinijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mashine: "Mkuu, ulimwuliza yule binti amekuja lini. Sote tulilisikia swali."

Kampuni ilihitaji mtu wa kubeba lawama. Bakapu zilikuwa chini ya meza ya yule binti, kwa hiyo mkataba wake haukuhuishwa. Nilikuwa na uwezo wa kusema neno moja kumwokoa. Sikulisema. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo.

Ndiyo maana nawaambia mahali pa kazi huanza kuoza pale vikao vinapokuwa vitamu. Msisubiri kelele. Sikilizeni kama watu bado wanabishana na mkubwa na kisha wanakwenda naye kula. Angalieni nani anaondoka. Wakianza kuondoka wale wanaojua kazi, tena kimya kimya, bila ugomvi, bila sherehe ya kuagana, basi wameona kitu ambacho wakubwa hawajakiona, na wamechoka kukionyesha. Angalieni pia taarifa mbaya inachukua siku ngapi kutoka kwa aliyeigundua mpaka kwa mwenye uwezo wa kuirekebisha. Kwangu mimi ilichukua miezi mitano, ingawa ilikuwa imesemwa usoni pangu.

Haya si ya Tabora wala ya Dar es Salaam peke yake. Mimi ni mtu niliyeanzia kwenye simu, siku ambazo posta na simu zilikuwa nyumba moja, kwa hiyo kesi ya Posta ya Uingereza iliniuma kama ya ndugu. Waendesha posta walifungiwa programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Programu ilikuwa na kasoro, ikawa inaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kuanzia mwaka 1999 mpaka 2015 waendesha posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika, wengine wakajiua. Walipopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Uongo huo mdogo, "ni wewe peke yako", ndio uliowamaliza. Bunge lao lilifuta nyingi ya hukumu zile mwaka 2024, wengine wakiwa wameshazikwa.

Wa Nairobi, hili lako liko karibu na mlango wako. Mwaka 2019 kijana wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alikuja mjini humo kufanya kazi katika kampuni ya Sama, iliyokuwa ikichuja maudhui ya Facebook. Kazi ile ni kutazama yale ambayo sisi wengine tunaepushwa tusiyaone: watu wakichinjwa, watoto wakiumizwa, saa kwa saa, siku kwa siku. Alipojaribu kuwaunganisha wenzake wadai malipo na matunzo bora, alifukuzwa. Mwaka 2022 alifungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, mwenye Facebook. Mwaka 2023 wachujaji wenzake zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani baada ya kupunguzwa kazini. Kampuni zimekana madai, na Meta ilisema kwamba mahakama za Kenya hazina uwezo juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa pale pale. Na Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Nilipoisoma habari ile niliwaona wapagazi asubuhi kambini, wamekaa kitako, mizigo chini. Kesi inaweza kuchukua miaka, na wengi wao wana majeraha ya akili ambayo hukumu haitayaponya. Lakini hakuna tena anayeweza kumwambia yeyote kati yao "ni wewe peke yako".

Kwa hiyo msiende peke yenu. Mkiona jambo baya, liandikeni siku hiyo hiyo, na tarehe, na mlihifadhi mahali ambapo si kompyuta ya kampuni. Kisha mtafuteni wa pili aliyeliona. Na mjue sheria, maana vijana mnajua kanuni za michezo ya kwenye simu kuliko sheria inayowalinda. Tanzania tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Wiki ya kawaida ya kazi haizidi saa 45. Muda wa ziada unahitaji makubaliano, haupaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na unalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, si zawadi ya meneja. Ukiachishwa isivyo halali una siku 30 tu kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wenye haki zao wakilia siku ya 40. Mdogo wenu ajue kwamba aliye kazini chini ya miezi sita hana kinga hiyo, kwa hiyo awe mwangalifu zaidi mwanzoni. Wa Nairobi, sheria zenu ni nyingine. Zitafute wiki hii.

Wewe mkubwa umeniambia umepewa watu sita wa kuwaongoza. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa sababu mimi nilikuwa fundi mwema na nikaja kuwa mkuu mbaya, na sikuhisi njia ilipokata kona. Jiweke kwenye zamu ya usiku kama wao, hata mara moja kwa mwezi. Kikaoni uwe wa mwisho kusema. Mtu akikuletea habari mbaya mbele za watu, mshukuru mbele za watu, hata kama tumbo linakuchemka. Na siku kosa likiwa lako, liseme kabla halijapewa mtu mwingine. Mimi nililiacha likapewa mtu mwingine, na pensheni yangu yote haijanisaidia kulisahau.

Mambo ya nyumba na shamba mtayakuta kwenye daftari la bluu, mama zenu wanajua. Lakini kuna jambo moja nawaachia ninyi watatu.

Chini ya kitanda changu kuna ndoo nyeupe ya asali, ya Sikonge, ya mwaka huu, haijachanganywa kitu. Juu yake nimeweka bahasha. Ni ya yule binti, ambaye sasa ni mama mtu mzima na anaishi Mwanza. Nimemwandikia yote: kikao, karatasi aliyoikunja, mkataba wake, na kwamba alikuwa amesema kweli na mimi nilijua. Nilipata namba yake kwa mtu aliyefanya kazi naye. Nimempigia mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla hajapokea. Siwezi kwenda tena. Nendeni ninyi, wote watatu, mvae vizuri, mmwamkie kama mama yenu. Msinitetee wala msimweleze kwamba nilikuwa babu mzuri. Mpeni bahasha kwanza, aisome, msubiri nje. Akiipokea asali, mshukuruni mrudi. Akiikataa, msimbembeleze.

Babu yenu,
Cheyo, Tabora